Kupata kwako Mbeya kwa kipato kidogo: cha kufanya mwenyewe na cha kuidai serikali

Binti wa kaka yangu anauza chakula stendi ya Nane Nane. Mwezi uliopita alinifuata gengeni kwangu Uyole, simu mkononi. "Shikamoo shangazi. Hebu ona hizi nyumba za gharama nafuu. Serikali inajenga, benki inakopesha. Na mimi nijaribu?" Nikamkalisha juu ya gunia la viazi, nikatoa kalamu, tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mauzo. Tulipomaliza alikaa kimya, kisha akauliza, "Sasa mtu kama mimi anapataje kwake?"

Naandika jibu lake hapa kwa sababu swali hilo naulizwa karibu kila wiki. Mimi ni muuza viazi mviringo. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, yaani ya kupima mtaa uliojengwa bila mpangilio, kwa miaka sita, na nyumba ninayolala niliijenga kwa miaka tisa. Naamini kabisa kwamba serikali inapaswa kumsaidia mtu wa kipato cha chini apate makazi. Ila msaada unaotufaa sisi ni kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, kinacholipiwa kidogo kidogo, na hati juu yake. Nyumba tutajenga wenyewe, tumekuwa tukijenga siku zote. Kwa hiyo mwongozo huu una pande mbili: yapo ya kufanya kwa mikono yako, na yapo ya kusimama mkutanoni ukayadai.

Kwanza, hesabu ya mkopo

Riba za mikopo ya nyumba kwenye benki zetu kwa miaka hii zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19. Chukua nyumba ya shilingi milioni 50, mkopo wa miaka 15, riba asilimia 15. Kila mwezi utalipa kama laki saba. Kwa miezi 180 utakuwa umetoa milioni 126 hivi. Binti yetu siku ikiwa njema anabaki na 15,000 baada ya kutoa mchele, mkaa na mafuta. Kwa siku 26 ni 390,000. Hata asile, asivae, asimtumie mama yake kitu, hafiki.

Na kabla ya laki saba yenyewe, benki itamuuliza slipu ya mshahara. Hana. Nchi imefanya kazi kubwa kuileta mikopo hii: sheria ya mikopo ya nyumba ilipita mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi kwa miaka mingi. Mwalimu au nesi mwenye ajira ya kudumu amefaidika, na nafurahi naye. Lakini wenye genge, bodaboda na mkulima wa Igawilo bado wako nje ya mlango.

Siandiki hivi kuilaumu serikali kwamba haijawahi kujaribu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, uhuru ukiwa na mwaka mmoja tu. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, ikafa mwaka 1995. Mwaka 2002 serikali iliamua kuwauzia watumishi wake nyumba ilizokuwa inamiliki, na waliozipata walikuwa watu wenye mshahara tayari. Ukiangalia mtiririko huo utaona nyumba iliyokamilika, hata ikipewa jina la gharama nafuu, humfikia aliyeko karibu na meza.

Jaribio moja lilikuwa la aina nyingine, na ndilo ninalolitaja kila nikipewa nafasi ya kusema. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianza mradi wa viwanja na huduma. Ulianza Dar es Salaam, Mwanza na hapa kwetu Mbeya, na awamu ya pili ikafika miji mingine, Iringa ikiwemo. Wazo lilikuwa rahisi: serikali ipime viwanja, ichonge barabara, ilete maji, na mwananchi ajenge nyumba yake kwa uwezo wake. Sinza ya Dar ilizaliwa hivyo. Ulikuwa na kasoro, kubwa ikiwa kwamba viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa chini viliishia mikononi mwa wenye nacho. Kasoro hiyo inarekebishika. Barabara zilizochorwa wakati ule bado zipo, na gari la wagonjwa linapita mpaka leo.

Tena sheria yenyewe inatupa msingi wa kudai. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mimi nayasoma maneno hayo kama yalivyoandikwa. Wananchi wote, na mama wa stendi yumo.

Kutafuta kiwanja, na kukitazama mvua ikinyesha

Uliza kwanza ofisi ya ardhi ya Jiji kama kuna viwanja vya mradi vinavyouzwa, na masharti ya malipo. Kiwanja cha mradi kina namba, kitalu na ramani iliyoidhinishwa, hivyo hati yake ni rahisi. Kinachotushinda wengi ni muda. Unapewa wiki chache umalize fedha yote, na wewe fedha yako iko kwenye kikoba mpaka mwisho wa mwaka. Ndiyo maana wengi wetu tunaishia kununua kwa mwenyeji, kipande cha shamba kisichopimwa. Mimi pia nilinunua hivyo, mwaka 2011, milioni moja na laki nane.

Ukinunua kwa mwenyeji, usiende kuona kiwanja Agosti. Agosti kila mahali Mbeya kunapendeza. Nenda Januari au Machi, saa ile mvua inapiga, umevaa mabuti, ukaone maji yanapita wapi. Sisi tumezungukwa na milima na ardhi yake ni laini. Aprili 2024 tope la mlima Kawetele lilishuka Itezi likafukia nyumba na shule. Mimi nilikwenda asubuhi ile. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye tope lililofika magotini akionyesha kwa kidole palipokuwa jiko lake, na hapakuwa na kitu cha kuonyesha, ila ncha ya bati. Tangu siku ile sikubali mtu wangu anunue chini ya mteremko uliokatwa miti, hata kama bei ni bure.

Angalia na mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Dalali atakwambia "hiki ni kijito tu". Kijito cha kiangazi ndicho mto wa Aprili. Ukijenga humo hakuna hati, na siku ya bomoabomoa hakuna fidia.

Kisha kaa na majirani bila dalali. Mimi nilikwenda mara tatu, mara moja na mkungu wa ndizi za kula na wenyeji, na ni katika ziara ya tatu mzee mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kipande cha kushoto kina kesi ya mirathi. Nikanunua cha kulia. Kama kiwanja kimeshapimwa, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ni barua ya maombi na ada ndogo, na majibu yataonyesha mmiliki ni nani na kama kuna rehani juu yake. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, na maofisa wa mkoa wapo hapahapa mjini, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua gizani.

Siku ya kuandikishana

Mauziano ya ardhi lazima yawe kwa maandishi. Andikeni mbele ya wakili, ofisi ya serikali ya mtaa ijue, na majirani wa pande zote nne wasaini. Pimeni kwa futi ya fundi mkiwa wote, mwandike urefu wa kila upande. Kama muuzaji ana mke au mume, huyo lazima asaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya familia, na mauzo yaliyofanywa kwa kificho yanaweza kukurudia miaka kumi baadaye na watoto wa watu mlangoni. Mtaa ukikudai asilimia ya mauzo, dai stakabadhi. Mkubaliane na kuandika nani atalipa kodi ya ongezeko la mtaji, maana kisheria ni ya muuzaji ila wengi huja kumwangukia mnunuzi siku ya kuhamisha hati.

Dada zangu, andika jina lako. Kama mnanunua wawili, majina mawili. Sheria ya Ardhi imesema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na imeweka utaratibu wa kumiliki kwa pamoja. Nimekaa kwenye kamati, nimeona fomu zinavyojazwa: mama ndiye anayeleta hela, mwanamume ndiye anayetamka jina. Mwambie karani aandike yote mawili, na usiondoke mpaka umeyaona.

Urasimishaji, na makosa yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo msaada wa serikali unapomfikia mtu wa chini moja kwa moja, na ndipo unapomponyoka.

Urasimishaji maana yake ni kupanga na kupima mtaa uliojengwa bila mpangilio, watu wakiwa humohumo, bila kuwabomolea. Sheria ya Ardhi imeuruhusu, na serikali iliendesha programu ya kitaifa ya mwaka 2013 hadi 2023. Mtaa unafanya mkutano, unachagua kamati, wakazi wanachangia gharama, mpima anachora, barabara zinaachwa, kila mtu anapata namba ya kiwanja, kisha kila mmoja anaomba hati yake.

Mtaa wetu ulianza 2016. Kaya 212 zilikubali. Ilikuja kampuni ya upimaji, vijana wazuri wa kuongea, wakarusha kile kindege cha kamera, watoto wakakimbia nyuma yake uwanja mzima. Tuliambiwa 150,000 kwa kiwanja, tuanze na 50,000. Tukakusanya zaidi ya milioni kumi. Wengine walilipa kwa kamati, wengine, na hapa ndipo tulipokosea, walimpa kijana wa kampuni mkononi kwa sababu alipita nyumba kwa nyumba na aliwaita bibi na mama kwa heshima. Mwanzoni mwa 2018 simu zao zikawa hazipatikani. Tulibaki na picha ya angani ya mabati yetu, imetundikwa ofisi ya mtaa.

Miaka miwili tulizunguka ofisi. Mwisho Jiji lilituma wapima wake na likakubali kuhesabu fedha iliyokwisha kulipwa, kwa mwenye stakabadhi. Mimi nilikuwa nimetunza vishina vyote kwenye kopo la biskuti, vimefungwa kwa mpira, na waliolipa kwa kamati walipona. Waliompa kijana mkononi, kaya 31, walilipa upya. Mmoja wao alikuwa bibi mjane anayeuza magimbi. Alikuja na sarafu kwenye kitambaa, akazihesabu mbele yangu juu ya meza ya ofisi ya mtaa, za mia mbili mia mbili, mara ya pili kwa kiwanja kilekile alichozalia watoto sita. Nilisaini stakabadhi yake mkono ukinitetemeka.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayetaka kuanzisha urasimishaji mtaani kwako. Mkataba uwe wa pande tatu: mtaa, kampuni na halmashauri, na nakala ikae ofisi ya mtaa mahali pa kusomwa na yeyote. Malipo yaingie akaunti ya pamoja yenye watia saini wa kamati, au yalipwe kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Mpima asiguse fedha taslimu. Alipwe kwa hatua: baada ya michoro ya mipango miji kuidhinishwa, baada ya bikoni, zile alama za mipaka, kuwekwa, baada ya ramani ya upimaji kupitishwa. Kamati isome hesabu mkutanoni, hata kama watu wamechoka na mvua inanyesha. Na wewe binafsi tunza stakabadhi yako kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Jambo gumu kuliko fedha ni barabara. Siku wapima walipopita kwetu, mstari mwekundu wa chokaa ulikata mpera wa mama mkwe wangu katikati. Ilibidi aachie mita mbili na nusu. Alikataa, akakaa chini ya mpera wake tangu saa mbili asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa hakumgombeza. Aliketi naye chini, akamwuliza, "Mama, mwaka ule ulipougua, tulikubebaje?" Tulimbeba kwa kitanda mpaka barabara kuu, watu sita, kwa sababu bajaji haikuweza kuingia. Mama alikaa kidogo, kisha akaomba apewe wiki moja ale mapera yaliyoiva. Bikoni iliwekwa Jumatatu iliyofuata: kipande cha nondo ndani ya zege, juu yake namba. Leo bajaji inamshusha mlangoni.

Hati

Ukishapata namba ya kiwanja usilale. Wengi wetu tuliishia hapo, tukidhani kazi imekwisha. Omba hati. Utahitaji kitambulisho cha taifa, picha, na fomu zenye saini za mtaa, kisha utaletewa ankara ya tozo na kodi ya pango la ardhi. Zile kliniki za ardhi ambazo wizara huzifanya viwanjani ni nafasi nzuri sana: maofisa wako meza moja, unamaliza kwa siku chache mambo ya miezi. Zikitangazwa, funga genge uende.

Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka na ina riba ukichelewa, kwa hiyo weka pembeni mapema. Kodi ya majengo ni kitu kingine. Hiyo inakatwa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi. Kama ni mpangaji na inakatwa kwako, ongea na mwenye nyumba, ni deni lake.

Nilipata hati yangu 2022. Mwaka uliofuata SACCOS yetu ilinikopesha milioni nne kwa kuishika, nikajenga vyumba viwili vya kupangisha. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo imemaliza mkopo. Hiki ndicho kitu ninachotaka waheshimiwa wakione: hati ya kiwanja kidogo imefanya kazi ambayo nyumba ya milioni 50 isingefanya kwangu.

Kujenga kwa majira

Mbeya kalenda ya ujenzi inaandikwa na mvua. Omba kibali cha ujenzi mapema, ramani ya vyumba viwili na sebule inatosha, ichorwe namna ya kuongezeka baadaye.

Matofali fyatua au nunua Juni hadi Septemba. Mimi nilifyatua ya kwangu, nikachelewa, mvua ya Oktoba ikanikuta na tofali mbichi 3,000 bila kufunikwa. Asubuhi zilikuwa uji. Nyingine zilichomwa kwa pumba za mpunga kutoka Usangu badala ya kuni, na zilitoka vizuri: pumba zinaungua polepole, tanuru linafuka siku nyingi, na ukigonga tofali moja kwa jingine linalia kama chungu. Ukisikia sauti ya mbao, halijaiva, lirudishe. Nyumba yangu ilikula matofali 9,000.

Msingi usiubanie. Punguza chumba, usipunguze msingi. Na kwa kuwa tunakaa kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutikisika, linta izunguke nyumba nzima kama mkanda, isiwe juu ya milango na madirisha tu. Fundi atakwambia unapoteza nondo. Mwambie ndivyo unavyotaka.

Boma likisimama, lipaue kabla ya Novemba. Ukuta wa tofali uliojengwa kwa udongo ukinyeshewa misimu miwili bila bati unaanza kutoka meno. Mbao za msindano kutoka Mufindi zinapatikana kwa urahisi, ila hakikisha zimepigwa dawa. Bati za geji 28 ni ghali kuliko 30, lakini kwa upepo wetu na mvua ya mawe ya huku, nunua chache kila mwezi mpaka zitimie. Ukishapaua, hamia. Plasta, dari na vigae vitakukuta ndani, na kodi uliyokuwa unampa mwenye nyumba inageuka mifuko ya saruji.

Fedha nyingi nilizitoa kwenye kikoba chetu cha akina mama 25. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, isiyo na riba, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni ya biashara. Iweke kwenye biashara, jenga kwa faida. Kikundi kimoja jirani walinunua bati kwa mkopo ule, marejesho yakawashinda, na dada wanne hawasalimiani mpaka leo.

Ya kusimama mkutanoni

Sasa upande wa serikali. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo maombi yamfikie diwani mapema, kabla bajeti haijapita baraza la madiwani. Yaandikwe na kusainiwa kwenye mkutano wa mtaa, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Sisi tuliandika hivi.

Jiji linapopima viwanja vya mradi, sehemu yake iwe vidogo, mita za mraba 300 hivi, na hivyo vilipwe kwa miezi 24. Fedha ya kupimia ipo namna ya kuipata: mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilizikopesha halmashauri shilingi bilioni 50 bila riba kwa kazi ya kupanga, kupima na kumilikisha. Halmashauri ikikopeshwa bila riba, na mnunuzi wa kipato kidogo apewe muda. Kila mtu apate kimoja, na orodha ya waliopata ibandikwe kwenye mbao za matangazo za mitaa, majina yote, ili visiishie tena mikononi mwa wenye nacho kama vya mradi ule wa 1974. Barabara zichongwe na bomba la maji lifike kabla ya kuuza.

Tuliomba pia lile sharti la hati la kumaliza kujenga ndani ya miezi 36 liangaliwe upya kwa wanaojenga kwa kikoba. Mimi nilichukua miaka tisa na sikuwahi kuacha. Mtu aliyeweka msingi, akapandisha boma, anaendelea. Aulizwe anayeshika viwanja kumi vyenye majani.

Na tuliomba fedha za mikopo midogo ya nyumba, ambazo Benki Kuu iliwahi kuanzisha mfuko wake, zifike kwenye SACCOS za masokoni. Milioni tatu za kupaua, kwa miaka mitatu, kwa mtu mwenye hati na boma lililosimama, hizo zinalipika.

Kuna ndugu mmoja mkutanoni alisema serikali isiingie kabisa, kila mtu abebe mzigo wake, kodi za watu zisijenge nyumba za wengine. Nilimheshimu kwa kusema wazi. Nikamwuliza barabara inayopita mbele ya nyumba yake ya Forest, mtaa wetu uliopangwa zamani, ilichorwa na nani. Watu wa Uyole wanaomba walichopewa wa Forest zamani, mchoro kwanza, nyumba baadaye.

Barua yetu imepokelewa, muhuri upo, kikao kinasubiriwa. Binti wa kaka yangu ameanza kuweka hisa kwenye kikoba, 20,000 kila wiki, na ameuliza ofisi ya ardhi kuhusu viwanja vya mradi. Wakati anasubiri majibu, kuna kipande cha mwenyeji huko Iduda, milioni tatu na nusu, majirani wanne wote wanajulikana. Tumekubaliana kwenda kukiona Jumamosi hii. Redio imesema mvua itanyesha tangu asubuhi, kwa hiyo nimemtafutia mabuti.